Lambo la Kupunguza Mafuriko: Anzeni na Utoro, Tuta Lifuate

Kila masika yakikaribia wasomaji mnaniuliza jambo lile lile: tukijenga lambo la udongo juu ya kijiji, mafuriko yatakoma? Wengine tayari mmechanga fedha, mmeahidiwa katapila na halmashauri au mfadhili, na mnachotaka kujua ni urefu wa tuta tu. Naomba msianze na tuta. Tuta ndilo sehemu rahisi kuliko zote, na ndilo linaloua watu pale sehemu nyingine zinaposahauliwa.

Jibu fupi ni hili: lambo dogo hupunguza mafuriko madogo na ya kati, likiwa tupu wakati mvua inapoanza na likiwa na utoro, yaani njia pana ya kutolea maji yaliyozidi. Lisipokuwa na mambo hayo mawili, mmejijengea mafuriko mapya, na yatakuja kwa kishindo kuliko yale ya zamani.

Kwanza: je, shida yenu ni ya lambo?

Tembeeni korongo lote, kutoka kijijini hadi linakoanzia, siku moja baada ya mvua kubwa. Mtakachokiona ndicho kitakachoamua.

- Kama maji yanakuja na tope zito, magogo na mawe kutoka mlimani, lambo si dawa. Maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023 pale Katesh, chini ya mlima Hanang, yaliua watu zaidi ya 80. Hakuna tuta la kijiji linalosimama mbele ya mzigo wa namna ile.
- Kama maji yanarudi nyuma kwa sababu kalavati la barabara au reli limeziba, zibueni kalavati. Tuta la barabara lenye kalavati lililoziba ni bwawa ambalo hakuna aliyelisanifu. Huko Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024, habari za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wakubwa wa serikali wakaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, njia yake ikiwa imezibwa na takataka, hadi yalipovunja na kuzoa watu usingizini.
- Kama nyumba zimejengwa ndani ya njia ya maji yenyewe, hesabuni gharama ya kuhamisha kaya hizo kabla ya kuhesabu gharama ya lambo. Mara nyingi kuhama ni rahisi zaidi.

Yakibaki maji ya mvua yanayoteremka kwa kasi kutoka mashambani na malishoni, kwa saa chache, kisha yanakauka, hapo tuendelee.

Pigeni hesabu ya maji kabla ya kuita katapila

Hesabu hii mwalimu wa shule ya msingi anaiweza. Mvua ya milimita 60 ikinyesha juu ya kilomita 10 za mraba huleta maji mita za ujazo 600,000. Mengi hunywewa na ardhi. Tuseme theluthi moja ndiyo inayotiririka hadi korongoni, yaani mita za ujazo 200,000. Kwenye ardhi iliyochungiwa hadi ikawa uwanja mtupu, kiasi kinachotiririka huzidi hapo.

Sasa pimeni ukubwa wa lambo lenu. Chukueni kina cha maji pale kwenye tuta, zidisheni kwa upana wa maji kando ya tuta, zidisheni kwa umbali ambao maji yatarudi nyuma, kisha gawanyeni kwa 6. Kina cha mita 4, upana wa mita 100, maji kurudi nyuma mita 300: mnapata mita za ujazo 20,000 hivi.

Linganisheni: yanakuja 200,000, lambo linameza 20,000. Sehemu tisa kati ya kumi za gharika hiyo zitapita hata lambo likiwa tupu kabisa. Najua hesabu hii inakatisha tamaa, na wapo wataalamu wasiopenda kuwaonyesha wanakijiji. Lakini afadhali kuvunjika moyo mkutanoni kuliko kuambiwa mmekwisha kulindwa. Kama dakio lenu, yaani eneo lote linalomwaga maji korongoni, ni la kilomita moja au mbili za mraba, lambo la ukubwa huu lina kazi ya maana. Kama ni kubwa kuliko hapo, fikirieni malambo madogo kadhaa kwenye matawi ya korongo, pamoja na makingamaji mashambani, badala ya tuta moja kubwa.

«Na ng'ombe wetu watakunywa wapi?»

Hili ndilo pingamizi linalotolewa kila mkutano, nami nalielewa kabisa. Katika nchi kavu, kuacha maji yaende zake huonekana kama dhambi. Lakini lambo lililojaa halipokei gharika. Gharika ikilikuta limejaa, maji yote yanapita juu yake kana kwamba halikujengwa.

Kwa hiyo chagueni mapema, mkiwa mmekaa, si siku mvua inaponyesha:

- Ama lambo la mafuriko peke yake, linalojimwaga lenyewe baada ya kila mvua.
- Ama lambo la kazi mbili: sehemu ndogo ya chini hubaki na maji ya mifugo, na sehemu kubwa ya juu hubaki tupu siku zote. Hapo mdomo wa bomba la kutolea huwekwa kwenye usawa wa maji ya mifugo, ili yote yaliyo juu yake yatoke bila kusubiri mtu.

Nashauri kwa nguvu bomba lisiwe na koki. Koki hudai mtu wa kuifungua usiku wa manane, na ukame ukikaza lazima atatokea wa kuifunga. Bomba la wazi la kipenyo cha sentimita 30, lisipoziba, humaliza lambo la mita za ujazo 20,000 kwa siku moja au mbili. Wekeni kizuizi cha nondo mbele ya mdomo wake ili matawi na mizoga isiingie, na mdomo huo uinuliwe kidogo kutoka chini ili tope lisiufunike.

Lambo linalojimwaga lina faida nyingine: halizalishi mbu kwa miezi, konokono wa kichocho hawapati makazi ya kudumu, na hatari ya watoto kuzama hupungua.

Udongo: jaribio la glasi lisilogharimu kitu

Si kila udongo mfinyanzi unafaa. Upo unaoonekana mzuri, unafinyangika, unashika, lakini ukiguswa na maji huyeyuka kama maziwa. Tuta la udongo huo hutobolewa kwa ndani msimu wa kwanza tu. Hupatikana hasa sehemu kavu zenye chumvichumvi.

Chukueni kidonge kikavu cha udongo chenye ukubwa wa punje ya harage. Kitumbukizeni taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, msikoroge, subirini saa moja. Kikimomonyoka na kubaki rundo chini, maji yakiwa safi, sawa. Likitokea wingu la rangi ya maziwa kukizunguka, msitumie udongo huo bila mhandisi kuupima maabara. Fanyeni hivyo kwa udongo wa mashimo mengi, maana hubadilika kila hatua chache.

Jaribio la pili: loweka udongo, usokote uwe mwembamba kama penseli, ukunje uwe pete. Ukikatika hovyo una mchanga mwingi na utavujisha. Kwa upande mwingine, udongo mweusi wa mbuga hushika maji vizuri lakini hupasuka nyufa kubwa kiangazi, na lambo la mafuriko hukaa kavu muda mrefu, kwa hiyo nyufa hizo zitakuwapo siku mvua ya kwanza inapofika. Kama hamna udongo mwingine, uwekeni ndani ya tuta, mfunike kwa udongo usiopasuka.

Tuta: makosa yanayojirudia

Vipimo vya kawaida kwa tuta dogo: upande wa maji ulale mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, upande mkavu mita 2.5 kwa 1, na juu pawe na upana usiopungua mita 3. Vipimo hivyo mhandisi atavirekebisha kulingana na udongo wenu. Mimi nataka kusema juu ya yale yanayoharibika huku mhandisi akiwa hayupo.

- *Kujenga juu ya nyasi.* Ondoeni udongo wa juu wote wenye mizizi, ng'oeni visiki, chimbeni kila kichuguu hadi vyumba vyake vya chini viishe. Kisha chimbeni mfereji wa msingi katikati ya mstari wa tuta hadi mkute udongo usiopitisha maji, mjaze kwa udongo mfinyanzi ulioshindiliwa. Mfereji huu hauonekani tuta likikamilika, ndiyo maana mkandarasi mwenye haraka huuruka. Kamati iwe na mtu aliyesimama hapo siku unapochimbwa na siku unapojazwa.
- *Kudhani katapila imeshindilia.* Minyororo ya katapila imetengenezwa kuutawanya uzito ili mashine isizame. Inasukuma udongo, haiushindilii vya kutosha. Dai rola, ikiwezekana ile yenye meno. Kwa tuta dogo sana, trekta lenye tela lililosheheni au kundi la ng'ombe wakipitishwa mara nyingi husaidia.
- *Tabaka nene.* Kila tabaka lisizidi sentimita 20. Udongo uwe na unyevu: ufinyange tonge mkononi, likishikana na kuvunjika vipande vichache ukiliangusha, ndio wakati wa kushindilia. Likiwa vumbi, mwagieni maji. Likinata viganjani, subirini likauke.
- *Kusahau kwamba tuta hushuka.* Hata lililoshindiliwa vizuri hupungua kimo. Ongezeni sehemu 5 hadi 10 kwa mia, na katikati pawe juu kidogo kuliko pembeni. Katikati pakibonyea ndipo maji yatakapopita juu, mahali palipo na kimo kikubwa kuliko pote.
- *Kuchimba udongo kwenye mguu wa tuta, upande mkavu.* Shimo hilo linalidhoofisha tuta na kuyafupishia maji njia ya kupenya chini yake.

Bomba linalopita ndani ya tuta lahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu maji hupenda kufuata ukuta wake wa nje. Udongo kando ya bomba ushindiliwe kwa mkono, tabaka nyembamba, na sehemu yake ya mwisho upande mkavu izungushiwe mchanga safi unaopitisha maji lakini unazuia udongo usitoke. Bomba la plastiki la bei nafuu lililofukiwa kwa koleo tu limeshavunja matuta mengi.

Utoro wa maji: hapa ndipo roho ya lambo ilipo

Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Maji yakianza kumwagika kwenye upande mkavu hula udongo kwa kurudi nyuma hadi tuta lote linafunguka. Kinachozuia hilo ni utoro, ile njia ya pembeni ya maji yaliyozidi.

Turudi kwenye hesabu yetu. Mita za ujazo 200,000 zikija kwa saa 3, wastani ni karibu mita za ujazo 19 kila sekunde, na kilele chake chaweza kufika maradufu. Maji yenye kina cha nusu mita juu ya kizingiti cha utoro hupitisha takriban mita za ujazo 0.6 kwa sekunde kwa kila mita ya upana. Maana yake hata wastani peke yake unadai utoro wa mita 30 na zaidi. Kilele kinadai zaidi ya hapo. Nendeni mkapime utoro wa lambo lililo jirani nanyi. Mkikuta mita tatu, mjue lile lambo limesalimika kwa sababu mvua yake haijaja.

Masharti ya utoro:

- Ukatwe kwenye ardhi ya asili begani mwa bonde, kamwe usipite juu ya udongo uliojazwa.
- Kizingiti kiwe sawa kwa upana wote, kijengwe kwa mawe na saruji ili kisiliwe.
- Kati ya kizingiti na kilele cha tuta pawe na tofauti isiyopungua mita 1 baada ya tuta kushuka: nusu mita ya maji na nusu mita ya akiba.
- Maji yake yarudi korongoni mbali na mguu wa tuta.
- Njia yake ioteshwe ukoka, usikatwe hadi kwenye mizizi wala kulishwa hadi udongo uonekane.

Na sasa onyo ninalolirudia kila nikipata nafasi: msizibe utoro. Baada ya mwaka mmoja mtaona maji mazuri yakipita, na mtu atasema tupange mawe au viroba vya mchanga kwenye kizingiti tupate maji zaidi ya kiangazi. Mwingine ataweka wavu wa samaki. Mwingine atazungusha uzio wa miiba, au kulima mchicha kwa kuwa pana unyevu. Bwawa la udongo la South Fork, juu ya mji wa Johnstown huko Marekani, lilikuwa limewekewa nyavu za chuma kwenye utoro ili samaki wasitoroke, na kilele chake kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapite. Tarehe 31 Mei 1889 maji yalipita juu ya tuta na watu zaidi ya 2,200 wakafa. Kila kiroba mnachopanga kwenye kizingiti kinapunguza ile mita 1 inayowalinda walio chini.

Tope litakuja, litengewe mahali

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walipima mabwawa ya Dodoma, yakiwemo Ikowa na Matumbulu, na lile la Kisongo karibu na Arusha, wakaona wazi jinsi tope kutoka malishoni na mashambani linavyokula nafasi ya maji. Lambo la mafuriko lililojaa tope ni sawa na lile lililojaa maji, ila tope haliondoki kwa bomba.

Kazi ya kulizuia hufanyika juu: makingamaji ya kontua, matuta ya fanya juu kwenye miteremko, vizuizi vya mawe ndani ya makorongo madogo, na ukanda wa nyasi usiolimwa kuzunguka lambo. Mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, ulifika hadi kuondoa mifugo katika eneo lililoharibika la Kondoa mwaka 1979 ili ardhi ipone. Si lazima mfike huko, lakini kijiji kinachotaka lambo bila kugusa namna kinavyolima na kuchunga kitalifukua kila baada ya miaka michache, au kitaliacha.

Kila mwaka, kabla ya mvua

Pangeni siku ya msaragambo, mwezi mmoja kabla ya masika au vuli kulingana na mahali mlipo.

- Kateni miti na vichaka vyote juu ya tuta vikiwa vichanga. Mti ukishakuwa mkubwa, msiukate bila ushauri. Mizizi yake ikioza huacha mashimo yanayopitisha maji.
- Zibeni mashimo ya panya, nguchiro na muhanga kwa kuyafukua kwanza hadi mwisho wake, kisha kujaza na kushindilia. Kufukia mdomo tu ni kujidanganya.
- Jazeni nyufa na njia za ng'ombe. Mifugo isipite juu ya tuta.
- Zibueni bomba, ondoeni takataka kwenye nondo.
- Pimeni kilele kwa mpira wa maji wa fundi, mwone kama katikati pamebonyea.
- Ondoeni chochote ndani ya utoro, hata kama kina mwenyewe na ni mjumbe wa kamati.

Dalili zinazodai mkimbie

Wakati wa mvua kubwa watu wawili waende pamoja, wenye tochi na simu, wakae kwenye ardhi ya asili pembeni, si juu ya tuta.

Maji safi yanayochuruzika kidogo chini ya tuta, kwa kiasi kile kile, yaangaliwe na kuandikwa. Maji yenye tope ni habari nyingine: tope hilo ni tuta lenyewe linatoka. Vivyo hivyo mkiona kizunguzungu cha maji upande wa ndani, ufa mrefu kando ya kilele, sehemu ya mteremko imeteleza, au maji yamebakiza upana wa kiganja kufika kilele.

Fuateni mpangilio huu:

1. Watu wa chini waondoke kwanza. Msisubiri uhakika. King'ora, ngoma, kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa: chagueni mapema na wote waijue.
2. Mjulisheni mtendaji wa kijiji na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde lenu.
3. Kukiwa na muda na usalama tu, mwageni mchanga na kisha kokoto juu ya mahali maji ya tope yanapotokea, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Msizibe tundu hilo kwa udongo mfinyanzi. Maji yatatafuta pengine na kutoka kwa nguvu zaidi.

Hatari hii si ya kubuni. Bwawa la Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Huko Derna, Libya, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili hiyo hiyo ya kuulinda mji dhidi ya mafuriko yalivunjika Septemba 2023, na maelfu walikufa. Mji ulikuwa umejengwa hadi kingo za bonde. Kwenu pia, tuta likikamilika, watu wataanza kuomba viwanja kwenye njia ya maji kwa kuwa «sasa kuna lambo». Serikali ya kijiji iikatae kila ombi la namna hiyo, kwa maandishi, na mpaka uwekewe alama za mawe.

Kibali, na majina ya watu

Tanzania Bara ujenzi wa bwawa unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na pa kuanzia kuulizia kibali ni Bodi ya Maji ya Bonde lenu, kati ya mabonde tisa. Kenya, nendeni kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wapo wanaosema kibali ni usumbufu kwa kitu kidogo hivi. Mimi nasema ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kumpata mhandisi wa mabwawa aangalie mchoro wenu kabla ya kuchimba, hasa hesabu ya utoro. Wenye mashamba yatakayofunikwa na maji, hata kwa siku mbili, nao watie saini.

Kabla ya kufunga mkutano, mwenyekiti aulize swali moja: ni nani, kwa jina, atakayekagua lambo hili kila mwaka kabla ya mvua, na fedha ya kufyeka na kuziba mashimo itatoka mfuko gani? Yakitajwa majina na mfuko, yaandikwe kwenye muhtasari, mkaombe kibali. Yasipotajwa, msijenge, pelekeni fedha hizo kwenye makingamaji, na kwenye viwanja vya juu kwa kaya zilizo njiani mwa maji.